Sikio limetengenezwa upya: juu ya nini munganga anasema uvae atele miezi mingi?

Mtu akitoka lopitali kisha kutengenezewa sikio, jamaa wanakuja kutazama. Sikio liko pale, limesimama, bandeji imepungua. Wanashukuru Mungu na wanahesabu kwamba kazi imekwisha. Lakini munganga anampa mgonjwa kitu kidogo cha plastiki, kinachoenea ku kiganja cha mkono, na kumwambia: uvae hiki usiku na mchana, miezi 3, miezi 6, pengine zaidi. Wengi wanakivaa wiki 2, kinawasumbua, wanakiweka ndani ya sanduku. Kisha mwaka mmoja wanarudi kuuliza juu ya nini sikio limelala tena ku kichwa.

Hicho kitu kinaitwa atele, jina lile lile la kifaa kinachofungwa ku mkono uliovunjika. Tofauti ni kwamba atele ya sikio haiungi mfupa. Kazi yake ni kupigana na kovu.

Sikio linaharibika kwa njia nyingi. Kuna watoto wanaozaliwa na sikio dogo sana, au na kipande tu cha nyama pale sikio lingekuwa. Hali hiyo inaitwa mikrotia. Si laana, na haitoki ku kitu ambacho mama alitazama wakati wa mimba. Hesabu zinatofautiana nchi kwa nchi, lakini ni kama mtoto 1 mpaka wachache kwa kila watoto 10,000 wanaozaliwa, mara nyingi sikio la kuume, na wavulana wanapita wasichana. Wengine wanazaliwa na masikio mazuri, wanayapoteza kwa moto wa mbabula, kwa ajali ya pikipiki, kwa meno ya mbwa au ya mtu katika ugomvi, kwa panga. Na kuna keloidi, lile kovu linaloota kama jiwe pale herini ilitobolewa. Hiyo kila msomaji amekwisha kuiona.

Ili kuelewa atele, lazima kwanza kuelewa sikio linajengwa namna gani. Shika sikio lako na ulipinde. Linarudi lenyewe, juu ndani yake hamna mfupa mgumu. Kuna mfupa laini unaopindika, wanganga wanauita kartilaji. Mtoto asiye na sikio hana huo mfupa laini pale, kwa hiyo unatafutwa mahali pengine ndani ya mwili wake mwenyewe: ku mbavu. Kwa mbele, karibu na katikati ya kifua, mbavu zinamalizika na kartilaji. Munganga anakata vipande ku ubavu wa 6, wa 7, wa 8, pengine na wa 9, anavichonga kama seremala, anavishona pamoja vipate umbo la sikio, kisha anaviingiza chini ya ngozi ya kichwa.

Mmarekani Radford Tanzer ndiye aliyeandika mwaka 1959 namna ya kujenga sikio kwa njia hii mpaka wengine wakamfuata. Burt Brent, naye wa Marekani, akaiboresha. Mwaka 1993 Satoru Nagata wa Japani akaeleza namna ya kuimaliza kwa upasuaji mara 2 badala ya mara 4, na Françoise Firmin akaiendeleza Paris. Hawakukubaliana juu ya umri: Brent alianza na watoto wa miaka 6 hivi, Nagata alingojea miaka 10 na kifua chenye sentimita 60 kuzunguka, ili mbavu ziwe na kartilaji ya kutosha. Mzazi anayeambiwa «mngojee, mtoto bado mdogo» asifikiri anafukuzwa.

Kisha upasuaji wa kwanza, sikio jipya linaonekana lakini limeshikamana na kichwa, sawa picha iliyochongwa ku ukuta. Miezi kama 6 ikipita, wanalinyanyua. Wanakata nyuma yake, wanaweka kipande kingine cha kartilaji cha kulisukuma mbele, na pale nyuma palipobaki wazi wanabandika kiraka cha ngozi kilichotolewa sehemu nyingine ya mwili. Sasa kuna nafasi kati ya sikio na kichwa. Mtu anaweza kuvaa lineti, anaweza kufunga barakoa, na ukimtazama kwa mbele masikio yake mawili yanalingana.

Ile nafasi ndiyo inakuja kuibiwa.

Kila kidonda kinachopona kinajikaza. Ndani ya kovu changa kuna chembe zinazovuta kama misuli midogo. Kazi yao ya kawaida ni kukutanisha kando za kidonda kipate kufungika. Ku mguu au ku mgongo hiyo inasaidia. Nyuma ya sikio jipya inaharibu. Kiraka cha ngozi kinapungua, kinavuta sikio kurudi ku kichwa, sawa ngozi ya mbuzi inayokauka juu ya ngoma na kuvuta kando zake. Haifanyiki siku moja. Mvuto unaanza wiki za kwanza, unaendelea kwa miezi, na kovu lenyewe linaweza kuchukua mwaka au zaidi kabla ya kutulia na kuwa laini. Mtu anayejitazama ku kioo kila asubuhi haoni kitu, juu kila siku inakwenda kidogo sana. Siku anaona, nafasi imekwisha kufungika na kovu limekuwa gumu.

Atele inakaa ndani ya ile nafasi na kukataa. Mara nyingi ina umbo la mwezi mchanga au la herufi C, inafuata nyuma ya sikio kutoka juu mpaka karibu na ndewe. Upande mmoja unalala ku kichwa, upande mwingine unashika sikio kwa nyuma. Kovu linavuta, plastiki haiachi, na ngozi ikipona inapona ikiwa imetandazwa.

Sasa, juu ya nini isinunuliwe tu sokoni? Juu hakuna masikio mawili sawa, na sikio lililotengenezwa ndilo la pekee kabisa. Pembe yake, urefu wake, pale kiraka kinaanzia, pale kartilaji inatokeza karibu na ngozi: vyote ni vya mtu huyo peke yake. Atele ikiwa nene millimita chache zaidi pahali pamoja, inakandamiza ngozi ambayo damu yake bado ni haba. Ngozi hiyo ikifa, kartilaji inabaki wazi, inakauka, mikrobi wanaingia. Ikiwa nyembamba, inacheza na haishiki kitu. Ndiyo maana inatengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe.

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza inatoka kwa mafundi wa meno. Wanachukua umbo la nyuma ya sikio kwa ile unga-unga wanayochanganya na maji wakipima mtu meno ya bandia, wanamimina gipsi, na juu ya gipsi wanajenga atele ya rezini, ile ile ya rangi ya ufizi. Inakuwa ngumu, inasuguliwa mpaka inateleza. Njia ya pili ni ya mafundi wa viungo: kuna plastiki ya bapa ambayo ukiitia ndani ya maji ya moto, digri 65 au 70 hivi, inalegea kama unga wa kusukwa. Fundi anaitoa, anaikausha, anaipima kwanza ku mkono wake isichome, kisha anaitandaza polepole nyuma ya sikio. Dakika chache inapoa na kushika umbo. Ikikosewa, inarudishwa ndani ya maji. Wengine wanaongeza silikoni laini upande unaogusa ngozi.

Hapa ndipo ninataka msomaji wa Bukavu, wa Goma, wa Bunia ao wa Butembo asimame kidogo. Tukisikia «kifaa cha kipekee cha upasuaji», tunafikiri kitu cha Ulaya, cha maelfu ya dola. Kwa upasuaji wenyewe ni kweli: wanganga wanaojua kuchonga sikio ku mbavu ni wachache popote duniani. Lakini atele ni kipande cha rezini. Mafundi wa meno ya bandia wako ndani ya miji yetu mikubwa. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, ambako miguu ya bandia na vifaa vya kunyoosha viungo vinatengenezwa. Kazi yao ni miguu na mikono, si masikio. Lakini kuchukua umbo la mwili, kupasha plastiki moto, kulainisha kando isichune ngozi, huo ni ujuzi ule ule. Kinachokosekana mara nyingi ni barua moja ya munganga inayoeleza: nataka umbo hili, lisukume hapa, lisiguse pale. Bila barua hiyo fundi asijaribu, na mgonjwa asimlazimishe.

Siku ya kuanza kuvaa inaamuliwa na munganga. Mwanzoni, siku za kwanza, sikio linalindwa na bandeji laini tu, na pengine vibomba vidogo vinavyovuta damu isikusanyike chini ya ngozi. Hakuna kukandamiza. Atele ngumu inangoja kiraka kishike na kidonda kifunge, mara nyingi wiki 2 mpaka 3. Mtu anayeharakisha anaweza kuua kiraka. Anayechelewa miezi 2 anakuta kovu limekwisha kufanya kazi yake.

Kuna atele ya namna nyingine inayofanya kazi kinyume, na watu wanazichanganya. Ni ile ya keloidi. Keloidi ya ndewe ikikatwa peke yake, bila kitu kingine, inarudi kwa wengi: vitabu vya udaktari vinataja kutoka asilimia 45 mpaka 100. Na ikirudi inaweza kuwa kubwa kupita ya kwanza. Kwa hiyo munganga mwenye kujua anaikata, anapiga sindano za dawa ya kupunguza kovu, na anaagiza sahani mbili ndogo za plastiki zinazobana ndewe mbele na nyuma kwa sukurubu au kibanio. Kubana kunapunguza damu inayolisha kovu. Hiyo inavaliwa zaidi ya saa 12 kila siku, kwa miezi 6 mpaka mwaka, wengine kupita. Hapa atele inabana; nyuma ya sikio la mbavu atele inafungua nafasi. Dada yako aliyepona keloidi asikuazime yake, hata kama masikio yenu yanafanana.

Na ya tatu ni ya tundu la sikio. Moto, kisu, ao upasuaji wa kufungua tundu kwa mtoto aliyezaliwa bila tundu: vyote vinaacha kidonda cha duara, na kidonda cha duara kinajikaza kuelekea katikati mpaka mlango unafungika. Wanaweka kizibo cha silikoni ao rezini chenye tundu katikati, hewa ipite na uchafu utoke. Kwa hiki hasa, siku chache za kusahau zinatosha kurudisha hasara.

Wazazi wanauliza sana: atele itafanya mtoto asikie? Apana. Sikio la nje ni umbo. Kusikia ni jambo lingine. Watoto wengi wenye mikrotia, sikio lao la ndani kabisa liko salama, ila sauti haina njia ya kuingia. Kuna vifaa vinavyopitisha sauti ku mfupa wa kichwa, vingine vinafungwa kwa utepe tu bila kupasua. Mtoto akiwa na masikio mawili yaliyofungika, apimwe kusikia mapema, angali mchanga, bila kungoja umri wa kujengewa sikio, juu lugha inaingia miaka ya kwanza. Mwenye sikio moja zima atasema vizuri kwa kawaida, lakini ku masomo akalishwe mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu.

Turudi nyumbani, pale kazi inafanyika kweli. Atele inatolewa kwa kuoshwa tu, mara 1 ao 2 kwa siku. Maji ya baridi ao ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, inakaushwa kwa kitambaa safi, inarudishwa. Usiitie ndani ya maji yaliyochemka ukisema unaua mikrobi: ile plastiki ya njia ya pili italegea na kupoteza umbo, na umepoteza kifaa. Usiiache juani, ku dirisha, karibu na mbabula, ao juu ya kiti cha gari. Nyuma ya sikio paoshwe taratibu na pakauke vizuri. Jasho likikaa chini ya plastiki ngozi inalainika kama vidole vilivyokaa ndani ya maji, kisha inachubuka. Dawa ya majani, mafuta ya moto, dawa ya meno, vyote vikae mbali na kiraka, hata kama bibi anasisitiza kwa upendo.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo vitabu vya Paris ao vya California havitaji. Mama anayebeba mzigo mgongoni na kamba inayopita ku paji la uso: kamba ile inateremka na kukaza juu ya sikio. Miezi ya kwanza aachane nayo kabisa, na familia ielewe kwamba hiyo ni sehemu ya matibabu, haitoki ku uvivu. Kaske ya pikipiki nayo inakandamiza. Kabla sikio halijapona, heri kwenda kwa gari ao kwa mguu. Kusuka nywele kwa kuvuta karibu na sikio kungoje. Kulala, ni upande wa sikio zima, na mtoto mdogo anaweza kuzungushiwa kitambaa kilichokunjwa kama ngata, sikio likae ndani ya tundu lake lisiguswe na mto. Mtoto anayechekwa na wenzake anaweza kufunga kitambaa chepesi juu yake, mradi kisikaze. Mwalimu akiambiwa mapema inasaidia zaidi ya kitambaa.

Namna ya kujua inabana sana? Vitabu vingi vinasema tazama ngozi ikiwa nyekundu ao nyeupe. Ku ngozi nyeusi rangi hiyo inajificha, kwa hiyo tutumie vidole na masikilizo ya mgonjwa. Toa atele, ngoja nusu saa. Alama ya kandamizo ikiwa bado iko, imekolea weusi kupita ngozi ya pembeni, pakiguswa panauma, kuna lengelenge, ao pahali pamoja ni baridi kuliko pengine: usiirudishe, rudi kwa munganga siku hiyo ama kesho yake. Usaha, harufu, homa, ao kitu cheupe kigumu kinachoanza kuonekana ndani ya kidonda, hapo usingoje kesho. Kile cheupe ni kartilaji yenyewe. Na kartilaji si kitu cha kupoteza: mbavu za mtoto haziwezi kutoa sikio baada ya sikio. Mara ya pili kunabaki kidogo, ngozi ya kichwa imekwisha kuwa kovu, na kazi inakuwa ngumu zaidi kuliko ya kwanza.

Kurekebisha atele ni lazima. Uvimbe unapungua, sikio linabadilika, na kifaa kilichokaa vizuri wiki ya 3 kinalegea wiki ya 6. Fundi anaongeza rezini kidogo ao anapasha plastiki upya. Ninaona hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotea, na kosa si lao peke yao. Mtu ametoka Shabunda ao Walikale, ametumia franga zote kwa njia na kwa upasuaji, anapewa karatasi ya kurudi baada ya siku 15 bila mtu kumuuliza atarudi na nini. Bei ya plastiki ni ndogo. Safari ndiyo ghali. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla ya kutoka lopitali, mbele ya mtu mwingine wa familia atakayekumbuka: tutaanza kuvaa siku gani, saa ngapi kwa siku, nani ataitengeneza ikilegea, kuna muuguzi karibu na kwetu anayeweza kuitazama, na tukituma picha ku telefoni nani ataipokea? Atele mbili zikitengenezwa kwa umbo moja, ya pili ikae nyumbani kwa siku ya kwanza kuvunjika ao kupotea.

Kuna watoto ambao wangeepuka kisu kabisa. Mtoto anayezaliwa na sikio zima lakini limejikunja, limelala, ao limechongoka: mfupa laini wake, wiki za kwanza, ni laini kupita kawaida juu homoni za mama bado ziko ndani ya damu yake. Wanganga wa Japani walionyesha miaka ya 1980 kwamba sikio hilo likishikwa na atele ndogo laini na utepe, kwa wiki chache, linabaki na umbo jipya. Ikianza wiki ya kwanza ao ya pili ndiyo bora. Miezi ikipita mfupa umekwisha kukaza na nafasi hiyo imefungwa. Haisaidii pale kipande cha sikio kinakosekana. Mkunga anayetazama masikio pamoja na vidole vya mtoto, siku ile ile ya kuzaa, ndiye wa kwanza anayeweza kumtuma mama kwa munganga.

Kwa aliyekwisha kupasuliwa, siku ya kuacha atele nayo ina utaratibu. Haitupwi siku moja. Munganga akiona kovu limelainika, anaruhusu kutoivaa mchana, usiku inaendelea. Mgonjwa anapima nafasi kwa ncha ya kidole chake, pahali pamoja, kila Jumapili. Kidole kikiingia sawa na Jumapili iliyopita, anaendelea kupunguza. Kikikwama, anarudi kuvaa usiku na mchana na kumpigia munganga simu, bila kungoja siku iliyoandikwa ku karatasi.